Hewa Ina Uzito, na Mlima Hauna Wenyewe

Maneno matatu husemwa mara kwa mara katika vijiji vyetu vya kando ya ziwa, toka Kasingirima hata Ujiji, na sisi walimu tumeyasikia sokoni, mwaloni, na hata mlangoni pa kanisa baada ya ibada. La kwanza ni hili: hewa si kitu, haina uzito, ni utupu tu. La pili: kupima hewa na kupima milima ni kazi ya Wazungu, na kazi yetu sisi ni kuyakubali wasemayo au kuyakataa. La tatu, nalo ndilo baya kupita yote: mlima una wenyewe, na mtu akiugua huko juu amekamatwa nao.

Twaandika kuyapinga yote matatu, wala si kwa kupenda ubishi. Neno la kwanza humpotosha mtoto shuleni. La pili latuvunjia heshima sisi wenyewe. La tatu laweza kumwua mtu. Basi tunawaomba wasomaji wetu wayapime maneno yetu kwa utulivu, na atakayeona tumekosa atujibu kwa hoja.

Tuanze na hewa. Mvuvi apigaye mbizi ziwani huyahisi maji yakimbana masikioni, na kadiri azidivyo kushuka ndivyo yazidivyo kumbana, kwa kuwa maji yaliyo juu yake yameongezeka. Hakuna mtu wa Ujiji atakayebisha jambo hili. Hewa nayo ni vivyo hivyo. Sisi tunakaa chini ya bahari ya hewa kama mgebuka akaavyo chini ya maji, na hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu hutulemea. Pwani ya bahari kuu kila sentimita moja ya mraba hubeba uzito wa karibu kilo moja. Hatuusikii mzigo huo kwa sababu hewa husukuma pande zote sawasawa, nayo imo ndani ya miili yetu pia.

Mtu asiyesadiki na afanye hesabu. Chukua chumba chenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Hewa iliyomo ndani yake, hapa kwetu kando ya ziwa, ina uzito wa karibu kilo 65. Ni uzito wa mtu mzima! Je, kitu chenye uzito wa mtu mzima kitaitwaje si kitu?

Tena ipo tofauti moja kati ya maji na hewa, na ndiyo itufahamishayo habari za milima. Maji hayashindiliki kwa urahisi, bali hewa hushindilika kama pamba. Ukirundika pamba mpaka darini, ile ya chini hubanwa na kuwa nzito, na ile ya juu hubaki nyepesi. Kwa hiyo hewa ya bondeni ni nzito, na hewa ya kileleni ni nyembamba. Aendaye juu huacha nyuma yake sehemu kubwa ya hewa ya dunia. Wataalamu huupima mgandamizo huo kwa barometa, yaani bomba lenye zebaki ambayo hupanda na kushuka kwa kadiri hewa inavyoisukuma. Pwani ya bahari zebaki husimama karibu milimita 760. Hapa Tanganyika, ambapo uso wa ziwa uko karibu mita 770 juu ya bahari, husimama karibu milimita 695. Juu ya Nkungwe, kilele cha milima ya Mahale chenye mita 2,462, ingesimama karibu milimita 570, yaani robo tatu ya ile ya pwani. Na juu ya Kilimanjaro, mita 5,895, ingesimama karibu milimita 380, ambayo ni nusu tu.

Haya hayakuanza kuaminiwa kwa amri ya mfalme wala ya askofu, bali kwa kwenda kuona. Barometa ya kwanza ilitengenezwa Italia na Torricelli, kati ya miaka 1643 na 1644. Mfaransa Blaise Pascal, aliyekuwa mtu mwenye dini sana, akasema moyoni: ikiwa zebaki husimamishwa na uzito wa hewa, basi mlimani haina budi kushuka. Akamwomba shemeji yake, Florin Périer, apande na bomba lake mlima uitwao Puy de Dôme. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alipanda, na zebaki ikashuka kwa zaidi ya sentimita 8. Lakini jambo tulipendalo zaidi ni hili: bomba la pili liliachwa chini bondeni, na mtawa mmoja akapewa kazi ya kulitazama mchana kutwa, ili mtu asije akasema kwamba hewa yote ilibadilika siku ile. Zebaki ya bondeni haikutikisika. Huo ndio ushahidi wa kweli: mmoja apande, mwingine akeshe chini, kisha walinganishe.

Wala msomaji wa leo hahitaji zebaki. Achukue chupa ya plastiki ya maji, ainywe mpaka iishe akiwa juu katika nyanda za Buha, aifunge sana, kisha ashuke nayo kwa basi mpaka Kigoma. Ataikuta imebonyea kama iliyominywa kwa mkono. Ni nani aliyeiminya? Ni hewa ya ziwani, iliyo nzito kuliko ile iliyofungiwa ndani. Na Mkristo asiyependa mafundisho haya na afungue kitabu cha Ayubu, sura ya 28, aone kwamba katika kazi za hekima ya Mungu imetajwa hii, ya kuupa upepo uzito wake. Kama Muumba ameupa uzito, sisi ni nani hata tuseme hauna?

Sasa tulijibu neno la pili, kwamba kupima ni mambo ya Wazungu. Wanaosema hivi hawajui kwamba moja ya vipimo mashuhuri vya hewa katika Afrika kilifanyika papa hapa Ujiji, kwa kuchemsha maji, na kwamba kilikuwa kibaya.

Kwanza tueleze jinsi maji ya moto yanavyopima mlima. Maji huchemka pale mvuke wake upatapo nguvu ya kuisukuma hewa iliyo juu yake. Hewa ikiwa nzito, maji hutaka moto mwingi. Hewa ikiwa nyepesi, huchemka mapema. Kwa hiyo pwani ya bahari maji huchemka katika digrii 100 za sentigredi. Hapa ziwani katika 97 na nusu hivi. Penye mita 1,500, kama katika baadhi ya vilima vya Buha, katika 95. Na juu ya Kilimanjaro karibu 82. Ndiyo sababu maharage hukawia kuiva mahali pa juu: maji yanatokota kwa kelele, lakini joto lake ni dogo, na kuongeza kuni hakuongezi joto la maji yaliyokwisha kuchemka. Mwanamke aliyezoea jiko la ziwani akiolewa milimani, asilaumiwe kwamba ni mvivu wa kupika. Ayaloweke maharage usiku kucha, ayamwage maji yale, kisha ayachemshe muda mrefu zaidi mpaka yalainike kabisa, kwa maana maharage mekundu yasiyoiva hutapisha.

Basi Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji. Vipimajoto vyao vizuri vilikuwa vimeharibika njiani, wakabaki na kimoja cha kawaida, cha kupimia maji ya kuoga. Wakachemsha maji, wakasoma, wakafanya hesabu, wakaandika kwamba ziwa la Tanganyika liko futi 1,844 juu ya bahari, yaani karibu mita 562. Walikosa kwa mita 200 na zaidi. Na kosa lenyewe katika kipimajoto lilikuwa dogo namna gani? Halikufika hata digrii moja ya sentigredi! Kwa nchi za kimo kama hiki chetu, kila digrii moja ya maji ya kuchemka ni karibu mita 300 za mlima.

Kosa lile dogo likazaa ubishi mkubwa huko London. Mwaka 1864 Burton alidai kwamba Tanganyika humwaga maji yake kaskazini kwa mto Rusizi, hata Ziwa Albert na mto Nili. Lakini Samuel Baker, aliyelifikia Ziwa Albert mwaka ule ule, alilipima naye kwa maji ya kuchemka, akapata futi 2,720. Kwa hesabu hizo mbili Ziwa Albert lilikuwa juu ya Tanganyika, na maji hayapandi mlima. Leo twajua kwamba Ziwa Albert liko karibu mita 620, chini ya Tanganyika kwa mita 150 hivi. Vyombo viwili vibaya vilikuwa vimelipandisha ziwa la chini na kulishusha ziwa la juu, na watu wenye elimu wakabishana juu ya hesabu hizo kwa miaka kadhaa.

Ni nani aliyejua ukweli wa mto Rusizi? Wenyeji wa Uvira. Burton na Speke walipofika huko mwaka 1858 waliambiwa waziwazi kwamba Rusizi huingia ziwani, wala hautoki. Burton aliyaandika maneno yao, lakini baadaye hakuyashika. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mdomoni mwa mto ule, wakauona ukiingia ziwani kama wenyeji walivyosema.

Wasomaji wetu na waangalie vema mafundisho ya habari hii. Halikuwa na taifa kosa la kipimajoto kile: lingetokea vilevile kama kingeshikwa na Mha, au Mjiji, au Mwarabu. Tena ukweli wa mto haukuwa na taifa, maana ulikuwa wa yeyote aliyekwenda kuona kwa macho. Basi asemaye, "Wazungu wamesema, imekwisha," amekosa. Naye asemaye, "Wazungu wamesema, kwa hiyo si kweli," amekosa vilevile. Biblia hulaani mizani ya udanganyifu. Haiulizi mwenye mizani ametoka nchi gani. Kupima ni kazi ya kila mtu mwaminifu, na chombo nacho sharti kipimwe kabla hakijaaminiwa.

Tumefika katika neno la tatu, ambalo kwa ajili yake hasa tumeshika kalamu: kwamba mlima una wenyewe.

Hatuwacheki wazee walioamini hivyo. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, alisikia huko Uchagani habari ya mtawala wa Machame, Rungua, aliyewatuma watu wakachunguze kile kitu cheupe kileleni. Karibu wote waliangamia, na aliyerudi alikuwa ameharibika mikono na miguu. Watu wakasema ni pepo. Mauti yao yalikuwa ya kweli, na hofu yao ilikuwa ya haki. Jina la adui tu ndilo lililokosewa. Adui alikuwa baridi, pamoja na wembamba wa hewa. Nao waliokaa mbali hawakuwa na hekima kuwapita: huko Uingereza bwana Cooley, ambaye hakupata kuiona Afrika, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta, akambishia Rebmann miaka mingi. Mmoja aliona na kutaja pepo. Mwingine hakuona, akatoa hukumu.

Lakini sisi wa leo hatuna udhuru. Ugonjwa wa mlimani wajulikana vema. Sehemu ya oksijeni katika hewa haipungui mlimani: chini na juu ni karibu 21 katika kila 100. Lakini hewa yenyewe ikiwa nusu, kila pumzi huleta nusu ya oksijeni. Mwili waweza kuzoea, lakini hutaka siku nyingi. Mtu apandaye upesi kupita mita 2,500 aweza kuumwa kichwa, kukosa hamu ya chakula, kutapika na kukosa usingizi. Ikizidi, maji huingia mapafuni, akahema hata akiwa amekaa, akakohoa povu. Au ubongo huvimba, akayumba kama mlevi na kusema maneno yasiyo na maana. Mtu wa namna hiyo asipoteremshwa upesi aweza kufa. Akiteremshwa mapema, mara nyingi hupata nafuu hata kabla hajafika chini kabisa.

Angalieni sasa madhara ya neno lile. Kijana anayumba na kuropokwa juu ya mlima. Mwenziwe asema, "Ameshikwa na wenye mlima," akaketi kuwatuliza. Saa zinapita, mgonjwa yu palepale penye hewa nyembamba, na anakufa. Je, ameuawa na pepo? Hasha! Ameuawa na neno.

Na wapo Wakristo wanaolivika neno lile nguo ya kanisa. Husema, "Imani yake ni ndogo, na ajikaze, tumwombee, apande." Ndugu, mnamjaribu Mungu. Bwana wetu naye alisimamishwa mahali pa juu, akaambiwa ajitupe chini kwa kutumaini malaika, naye akakataa kumjaribu Mungu. Hatusemi mgonjwa asiombewe. Twasema aombewe huku akiteremshwa.

Wengine watuuliza: "Ikiwa ni hewa, mbona wenziwe hawakuugua?" Twajibu kwa mtumbwi. Katika mtumbwi mmoja, siku moja ya mawimbi, mmoja hutapika na mwingine anakula dagaa. Ziwa ni lile lile, miili ndiyo mbalimbali. Nguvu na ujana havisaidii: kijana hodari huugua mara nyingi kwa sababu ya uhodari wake, maana hupanda kwa haraka. Dawa ya kwanza ni kwenda polepole. Akipita mita 3,000, asiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya mahali pa kulala jana na pa kulala leo, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku moja.

Wengine tena husema: "Sisi ni watu wa ziwani, Kilimanjaro yatuhusu nini?" Yatuhusu, maana vijana wa pande zote za nchi huenda kutafuta kazi ya upagazi, naye aliyekulia penye mita 770 hana mazoea ya mita 4,000. Lakini yatuhusu kwa njia nyingine pia. Vilima vyetu vya Buha si virefu kiasi cha kuleta ugonjwa huu. Basi mtu akiumwa kichwa na kutapika huko, asisingizie pepo wa mlima, wala asisingizie hewa kwa kuwa amesoma makala hii. Apelekwe zahanati akapimwe malaria. Elimu ikitumiwa mahali pasipo pake huwa ushirikina mwingine.

Kwa hiyo tunawasihi watu wa namna tatu. Walimu wenzetu, msiwakaririshe watoto kwamba hewa hupungua mlimani, kisha mkafuta ubao. Chukueni kipimajoto, chemsheni maji kando ya ziwa mbele ya watoto, mwandike. Kisha kipimajoto kile kile kipelekwe kwa mwalimu rafiki huko Kasulu, naye achemshe na kuandika. Ninyi wazee wa kanisa, msikiapo mtu akitaja wenye mlima, msikae kimya kwa kuogopa kumwudhi. Mwulizeni mgonjwa yuko wapi, na kama ameteremshwa. Na ninyi wazazi wenye vijana waendao mbali kutafuta kazi ya mlimani, kabla hawajaondoka waambieni maneno haya: mwenzako akiyumba, usingoje asubuhi, mshike mkono, mshuke naye usiku ule ule.